Njia Kumi na Saba

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika gazeti letu wenzangu wamezoea kuandika habari za safari, za michezo na za shamba la shule. Mimi sina safari kubwa ya kusimulia ila moja, ya kutoka Kilosa hadi Mikumi na kurudi, nayo sikuiendea kwa furaha. Niliiendea kwa sababu ya kosa nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe mbele ya kompyuta, na kosa hilo lilikuwa karibu kumtoa mwenzangu shuleni.

Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, mwalimu wetu wa Hisabati, ambaye pia ni mlezi wa chama cha kompyuta, aliniomba niandike programu ya kupanga matokeo ya mtihani wa kufunga mwaka. Hapo kabla kazi hiyo walimu waliifanya kwa kalamu na kikokotoo, ikawanyima usingizi siku tatu au nne. Nilikubali upesi, na kusema kweli nilijivuna sana. Nilitembea bwenini kama mtu aliyekabidhiwa funguo za ghala.

Kabla sijaendelea yafaa niwaeleze wazazi ambao pengine hawaijui hesabu yenyewe. Kwa utaratibu wa Baraza la Mitihani la Tanzania, katika mtihani wa Kidato cha Nne kila somo hupewa gredi. A ni alama 75 na kuendelea, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya hapo ni F. Kila gredi ina pointi zake: A pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, na F pointi 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mwanafunzi ameyafanya vizuri kuliko mengine, na pointi zake zikajumlishwa. Mwenye 7 hadi 17 yumo Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 la Pili, 22 hadi 25 la Tatu, 26 hadi 33 la Nne, na mwenye 34 au 35 amepata sifuri. Hapa, tofauti na mambo mengi ya duniani, mwenye kidogo ndiye tajiri. Nasi shuleni kwetu tunaifuata hesabu hiyo hiyo katika mitihani yetu ya ndani.

Basi, katika uandishi wa programu, fungu la amri lililopewa jina lake, ili liitwe kila linapohitajiwa, huitwa methodi. Mtu mwenye busara huandika methodi nyingi fupi fupi. Mimi niliandika moja tu, ya mistari 140, na yote yalikuwa humo: kusoma alama, kukagua kama alama ni halali, kutoa gredi, kuchagua masomo saba, kutoa daraja, na kutenga orodha ya wavulana na ya wasichana. Kila mwalimu aliyekuja na ombi lake nililichomeka pale nilipoona nafasi. Mwalimu wetu wa darasa aliniambia kwamba hapendi kuona pengo kwenye karatasi ya mtoto aliyekosa mtihani, nami nikaongeza amri kwamba aliyekosa aandikiwe pointi 5, sawa na mwenye F. Baada ya wiki tatu mwalimu wa taaluma akanikumbusha kuwa kwa desturi ya shule yetu, mwanafunzi aliyekosa mtihani kwa ugonjwa, mwenye cheti cha zahanati, somo lile halihesabiwi. Nikaongeza amri nyingine, mistari 60 chini ya ile ya kwanza, ya kupunguza idadi ya masomo yake kwa moja. Ile ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuisahau.

Niliijaribu programu kwa wanafunzi watatu: mimi mwenyewe, rafiki yangu mmoja, na yule anayeshika namba ya kwanza darasani. Majibu yote matatu yalikuwa sahihi. Nikamwambia mwalimu kazi imekwisha.

Jirani yangu wa kitanda, ambaye kwao ni Mikumi, alikuwa na masomo manane, na wakati wa mtihani aliugua malaria akakosa karatasi ya Jiografia. Desemba alikwenda nyumbani na karatasi iliyoandikwa Daraja la Nne, pointi 27. Yeye mwenyewe alishangaa, maana hakujiona kuwa amefanya vibaya kiasi hicho, lakini nani angeshindana na karatasi iliyotoka kwenye mashine? Shule ilipofunguliwa Januari kitanda chake kilikuwa kitupu. Wiki ya kwanza tulidhani amechelewa usafiri. Wiki ya pili godoro lilikunjwa likawekwa kando.

Mwalimu wa Hisabati alimpigia simu baba yake. Mzee yule alijibu kwa adabu kabisa kwamba mtoto hana bahati ya kusoma, amekwisha kumtafutia kazi ya utingo kwenye lori, na mwakani angekuwa amejua angalau gari. Mwalimu akamwambia labda kuna kosa. Mzee akasema, “Mwalimu, kama angehesabu mtu ningesubiri. Hii ni mashine, na mashine haidanganyi.”

Usiku ule mwalimu aliniita ofisini. Alikuwa na karatasi ya alama za jirani yangu na kalamu. Akaniambia nizijumlishe pointi kwa mdomo, nami nikajumlisha: Kiswahili 2, Historia 2, Kiingereza 3, Uraia 3, Biolojia 3, Fasihi ya Kiingereza 4, Hisabati 5. Jumla 22. Daraja la Tatu. Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

Tuliifungua programu tukaifuata mstari kwa mstari. Somo la Jiografia liliandikiwa pointi 5 kwa amri ile ya kwanza. Kisha, kwa amri ya pili, idadi ya masomo ilipungua kutoka nane ikawa saba. Mbele zaidi palikuwa na swali: kama masomo ni zaidi ya saba, chagua saba bora, kama sivyo, jumlisha yote. Kwa kuwa idadi ilisema saba, programu haikuchagua. Ilijumlisha kila pointi iliyokuwamo, hata zile 5 za Jiografia, na 22 zikawa 27. Mwenye masomo tisa aliyekosa moja hakudhurika, maana idadi yake ilibaki nane na lile tano likaachwa nje. Mwenye masomo manane asiyekosa hata moja hakudhurika pia. Ilikuwa njia moja tu iliyopinda, na aliyepita juu yake alikuwa mmoja tu shule nzima.

Mwalimu akaniuliza, “Programu yako ina njia ngapi?” Sikujua. Sikujua hata kwamba njia za programu huhesabiwa.

Ndipo aliponieleza habari za Mmarekani Thomas J. McCabe, ambaye mwaka 1976 alichapisha makala juu ya kipimo cha utata wa programu. McCabe aliitazama programu kama wanahisabati wanavyotazama ramani ya nukta na mistari, elimu ambayo mizizi yake ni Euler na fumbo lake la madaraja ya Königsberg la mwaka 1736. Kila amri ni nukta, na kila uwezekano wa kutoka amri moja kwenda nyingine ni mstari. Hesabu mistari, toa nukta, ongeza 2, umepata utata wa methodi. Lakini kuna njia nyepesi kwa mtu mwenye penseli: hesabu kila pahali ambapo programu inaamua jambo, kila “kama”, kila “rudia”, na kila “au” iliyo ndani ya sharti, kisha ongeza 1. Methodi isiyoamua lolote ina utata wa 1, kwa kuwa njia yake ni moja.

Tukahesabu yangu. Kurudia kwa kila mwanafunzi, 1. Kurudia kwa kila somo, 2. Je, amekosa? 3. Alama chini ya 0, au juu ya 100, 5. Gredi nne za kuulizia, 9 (F haiulizwi, ni ya aliyebaki). Amekosa, mara ya pili, 10. Masomo zaidi ya saba? 11. Madaraja manne, 15. Mvulana au msichana, 16. Ongeza 1, ni 17. Namba hiyo ni sawa na umri wangu, nikataka kucheka, lakini haukuwa wakati wake. McCabe alipendekeza methodi moja isizidi 10, ingawa yeye mwenyewe alikiri kuwa 10 haina uchawi wowote.

Hizo 17 ndizo njia za msingi. Njia zote kwa jumla ni nyingi kuliko hizo. Fikirini maamuzi matatu yaliyofuatana, kila moja likigawanya njia mbili na kuziunganisha tena: njia zote zawezekana kuwa 8, lakini za msingi ni 4. Kwa hiyo, mtu aliyeazimia kuijaribu methodi yangu kwa uaminifu alihitaji majaribio 17 ya msingi, na bado asingekuwa amemaliza yote. Mimi nilifanya matatu, na yote matatu yalipita karibu njia ile ile.

Jumamosi nilipewa ruhusa. Mtoto haendi peke yake kusema na mzee wa watu juu ya jambo zito, kwa hiyo nilikwenda kwanza kwa Babu yangu, hapo Kilosa mjini, si mbali na stesheni. Babu aliajiriwa zama za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akaendelea baada ya shirika hilo kuvunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kubadili njia za garimoshi. Reli ya Kati inapita Kilosa kuelekea Dodoma, na hapo hapo Kilosa hutoka tawi la kwenda Mikumi, ambalo katika miaka ya 1960 lilifika hadi Kidatu. Siku hizi anapenda kuizungumzia treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na hakubali kabisa kwamba njia zaweza kubadilishwa na mtu asiyezitazama kwa macho.

Nilimweleza yote, pamoja na ile 17. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja: “Hiyo tano na huko kupunguza moja, vilikuwa mbali mbali?” Nikamjibu kuwa vilitengana mistari 60. Akasema, “Basi hukuweza kuviona kwa pamoja,” akachukua kofia yake.

Tulipanda basi la kupitia Ulaya. Wasio wa kwetu wajue kuwa Ulaya ni kijiji cha wilaya yetu, na hakuna mtu wa Kilosa ambaye hajawahi kujisifu kuwa amefika Ulaya bila pasipoti. Siku nyingine ningecheka. Siku ile nilikuwa nikipanga maneno yangu na kuyapangua.

Baba wa jirani yangu ni fundi wa kuziba pancha kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Tulimkuta akiwa na tairi la lori mbele yake. Alimwamkia Babu shikamoo, mimi nikamwamkia yeye, tukapewa benchi. Mwenzangu hakuwapo, aliondoka siku ile ya Ijumaa na lori la kwenda Tunduma. Niliposikia hivyo maneno yote niliyoyapanga tangu Ulaya yakanitoka.

Babu ndiye aliyeanza. Alisema, “Mwanangu, mimi nimekaa na reli zaidi ya miaka thelathini. Garimoshi halina akili ya kusema uongo. Likielekezwa Dodoma litakwenda Dodoma, likielekezwa Mikumi litakuja Mikumi, hata kama abiria wote waliomo wamekata tikiti za Dodoma. Ukimwona abiria wa Dodoma ameshuka hapa, usimlaumu abiria. Muulize yule aliyekuwa zamu ya kubadili njia. Ndiye huyu niliyekuja naye.”

Mzee yule alinitazama kwa muda. Kisha akanipa chaki anayotumia kuwekea alama matairi, akaniambia niandike. Niliziandika pointi saba juu ya mpira mweusi wa lile tairi, 2, 2, 3, 3, 3, 4, 5, naye akazijumlisha mwenyewe, polepole, akitumia vidole. Akapata 22. Akauliza, “Na tano nyingine ilitoka wapi?” Nikamjibu kuwa ni ya Jiografia, ya siku ile mwanawe alipolala zahanati. Akanyamaza. Halafu akasema, “Siku hiyo nilipigiwa simu. Mimi mwenyewe nilijua kuwa anaumwa.” Niliomba radhi. Alisema nisimwombe yeye, nimngoje mwenyewe arudi kutoka Tunduma.

Mwenzangu alirudi shuleni Alhamisi iliyofuata, akiwa amekosa wiki tatu za masomo na amejifunza kufunga turubai. Yale tuliyosemezana ni yetu wawili.

Sasa kuhusu programu. Mwalimu aliniamuru niiandike upya, na nilipoanza nilikosea kwa upande wa pili. Niliupenda ule utata wa 1 hata nikaikata kazi vipande 26, vingine vya mstari mmoja, na mtu aliyetaka kujua gredi ya mtoto ilipatikanaje alilazimika kufungua kurasa sita. Mwalimu aliisoma, akasema nimepunguza namba bila kupunguza taabu. Nikaunganisha tena. Hatimaye zilibaki methodi sita: moja ya kusoma alama za mwanafunzi na kuzikagua, utata wake 5, ya gredi, 5, ya kujumlisha saba bora, 1, ya daraja, 5, ya orodha, 2, na moja kuu inayowapitia wanafunzi na kuziita nyingine, 2.

Jumlisheni mwone. Ni 20, zaidi ya 17 za mwanzo! Jambo hili lilinisumbua usiku mzima. Maamuzi mengi ni ya kazi yenyewe, si ya mwandishi, na hayaondoki kwa kukatwa; na kila methodi mpya huongeza ile 1 yake. Mawili tu niliyafuta kweli. Aliyekosa somo, sasa somo lile haliingii kabisa kwenye orodha ya pointi, kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza mara ya pili. Na orodha ikipangwa kuanzia ndogo, kuchukua saba za mbele kunatosha, ziwe saba au tisa, bila kuuliza. Kilichobadilika hasa ni kwamba sasa hakuna methodi inayozidi 5, na njia tano naweza kuzishika kichwani zote kwa wakati mmoja na kuzijaribu kabla kengele ya kulala haijalia. Zile 17 sikuweza kamwe.

Niseme pia kwamba kipimo hiki kina upofu wake. Methodi ya daraja ina maswali manne yaliyofuatana kama ngazi, na mtoto wa Kidato cha Kwanza aweza kuisoma. Ningeweza kuandika maswali manne ambayo kila moja limo tumboni mwa jingine, na namba ingebaki 5 ile ile, ingawa msomaji angetoka jasho. McCabe naye aliruhusu kuzidisha 10 pale ambapo ni orodha ndefu tu ya chaguzi zisizoingiliana.

Nilipoijaribu methodi ya gredi peke yake, kwa alama zilizo mpakani, 75, 74, 65, 64, 45, 44, 30, 29, niligundua kosa ambalo hakuna aliyelilalamikia. Niliandika “zaidi ya 45” pahali pa “45 na kuendelea”. Wanafunzi watatu waliopata 45 kamili walikuwa wameandikiwa D. Mmoja wao pointi zake zilishuka kutoka 26 hadi 25, akatoka Daraja la Nne akaingia la Tatu, naye alikuwa amekwisha kulikubali lile la Nne kimya kimya. Niliomba nisome masahihisho mwenyewe kwenye paredi. Wapo walionizomea, na sikuwaona kuwa na kosa.

Siku hizi jirani yangu wa kitanda ndiye mjaribu wa programu yangu. Haandiki hata mstari mmoja. Kazi yake ni kubuni wanafunzi wasio na bahati. Amekwisha kubuni mwenye alama 101, mwenye jina refu kuliko karatasi, na aliyeugua siku zote za mtihani. Huyu wa mwisho alimbuni wiki iliyopita. Tulimwingiza katika kompyuta, mtoto asiye na somo hata moja, pointi zake sifuri, na kwa kuwa sifuri ni ndogo kuliko 17, programu ikampa Daraja la Kwanza. Jirani yangu alicheka mpaka mlinzi akaja kutazama kuna nini. Ile programu yangu mbovu isingefanya kosa hilo, kwani ingempa tano kila somo na kumweka kwenye sifuri. Nilijiletea mwenyewe nilipofuta yale maamuzi mawili. Nimeongeza swali moja mwanzoni mwa methodi ya daraja: je, masomo ni pungufu ya saba? Kwa hiyo utata wake umepanda kutoka 5 hadi 6.